Ufunguo wa Ghala

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Mamboya kumzika mjomba wangu. Nilipanda basi la Dodoma, nikashuka Dumila na kumalizia safari kwa bodaboda, milima ya Ukaguru ikiwa mbele yangu. Wasomaji wangu wamezoea kunisoma nikijadili katiba, bajeti na mwenendo wa vyuo vyetu. Leo naomba ruhusa ya kujadili jambo linaloonekana dogo, tena la mafundi: programu-jalizi, yaani vile vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine, ambavyo tunavichomeka katika mifumo yetu ili ifanye kazi ambayo haikuzaliwa nayo. Nilidhani nimekwisha kulielewa jambo hili, kwa kuwa liliwahi kuniumbua. Msibani nikabaini kwamba nilikuwa nimelielewa nusu.

Siku ya pili ya msiba watani waliwasili. Msomaji aliyekulia nchini hahitaji maelezo marefu. Mmoja alivaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake wa miguu mizito. Mwingine aliketi katikati ya njia ya kwenda makaburini, akasema jeneza halipiti mpaka alipwe. Waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Mtani huingia jikoni bila hodi, hufunua chungu, hukamata kuku uani na kuondoka naye, na hakuna wa kumgombeza kwa sababu hiyo ni haki yake. Lakini safari hii niliona jambo ambalo utotoni sikulitia maanani. Kijana mmoja wa watani, katika kunogesha utani wake, alidai apewe ufunguo wa ghala la mahindi. Mama yangu mkubwa, dada wa marehemu, ambaye funguo zote huzifunga kwenye pindo la khanga yake, alicheka kama wengine. Akainuka, akafungua ghala mwenyewe, akamchotea debe moja, akafunga. "Mahindi chukua," alimwambia. "Ufunguo hapana."

Hakukuwa na chuki katika kauli ile, wala yule kijana hakuona amedharauliwa. Kila mmoja alijua mtani anaruhusiwa nini na ruhusa hiyo inaishia wapi.

Jioni hiyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinifuata nilipokuwa nimekaa nje na wazee. Aliniamkia, akasubiri wazee wamalize mazungumzo, kisha akaomba tusogee pembeni. Inafaa nieleze kwamba kwetu ukoo huhesabiwa kwa mama, na mjomba ni mtu ambaye neno lake hutafutwa. Mzee alipokwisha kuzikwa, maswali aliyokuwa akiulizwa yeye yalianza kuletwa kwangu, mimi ninayeishi mjini na nisiyejua hata mipaka ya mashamba yetu. Nilikuwa nimepewa imani ambayo sikuwa nimeifanyia kazi. Neno hili nalitaja sasa kwa sababu litarudi.

Mpwa wangu ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Yeye na wenzake wachache hupokea malalamiko ya ardhi kutoka vijiji mbalimbali vya wilaya, huyaandika, na kuwaelekeza wahusika kwenye mabaraza. Anayeijua Kilosa anajua uzito wa kazi hiyo. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, mgogoro wa wakulima na wafugaji uliishia kwa mauaji ya watu 38. Tangu hapo hakuna mtu mzima wilayani anayechukulia ugomvi wa mpaka wa shamba kuwa mzaha, na hakuna anayependa jina lake lijulikane kuwa ndiye aliyekwenda kushtaki.

Vijana hawa wana tovuti ndogo waliyoijenga wenyewe juu ya mfumo huria wa kuendeshea tovuti. "Mjomba," aliniambia, "kuna programu-jalizi ya fomu. Ni ya bure, ina nyota nne na nusu, imepakuliwa na watu wengi sana. Mtu atajaza malalamiko yake kwenye simu akiwa kijijini, ataweka na picha ya mpaka wa shamba lake. Hatatumia nauli. Niiweke?"

Nilikaribia kusema ndiyo. Alikuwa amekwisha kuniambia yote ambayo mimi mwenyewe, miaka kadhaa nyuma, niliyaona kuwa yanatosha.

Miaka hiyo nilikuwa mratibu wa kozi yenye mamia ya wanafunzi katika chuo kimoja. Chuo kilitumia mfumo huria wa kufundishia kwa mtandao, nami nilichoshwa na kazi ya kuhakiki mahudhurio kwa karatasi. Nikaona programu-jalizi iliyoahidi kunimalizia kazi hiyo. Niliandika barua ya kuomba ichomekwe, nikaweka sahihi. Fundi wa kitengo cha TEHAMA aliniuliza swali moja tu: nani ataiangalia kabla haijawekwa? Nilimjibu kwa kujiamini kwa mtu mwenye shahada ya uzamivu: hii ni programu huria, msimbo wake uko wazi, dunia nzima inauangalia.

Muhula ulipokwisha, fundi yuleyule, akifuatilia jambo jingine kabisa, aligundua kwamba programu-jalizi ile ilikuwa ikipeleka majina, anwani za baruapepe na namba za simu za wanafunzi wetu kwenye seva iliyo nje ya nchi. Iliondolewa siku hiyohiyo. Wakati huo baadhi ya wanafunzi walikuwa wakisumbuliwa na ujumbe wa wakopeshaji wa mtandaoni, wale ambao mtaani mikopo yao huitwa kausha damu. Siwezi kuthibitisha kwamba mambo haya mawili yana uhusiano. Namba za simu za Watanzania zimetawanyika kwa njia nyingi. Lakini mwanafunzi mmoja wa kike alikuja ofisini kwangu akaniuliza, kwa adabu, kama chuo kilimpa mtu namba yake, kwa sababu namba ile alikuwa ameitoa chuoni na kwa mama yake tu. Nilimjibu kwamba lilikuwa tatizo la mfumo. Halikuwa tatizo la mfumo. Ilikuwa sahihi yangu.

Tuanze na ukweli wa kifundi, kwa maneno ya kawaida, maana mimi ni mwalimu wa sayansi ya siasa na nimelazimika kujifunza haya ukubwani. Katika mifumo mingi huria tunayoitumia, programu-jalizi ikishachomekwa haikai sebuleni kama mgeni. Inapata haki zilezile za mfumo mwenyeji. Inaweza kusoma hifadhidata yote, kuandika humo, kufuta, na kuwasiliana na seva yoyote duniani. Ile ya kubadili rangi ya ukurasa ina ufunguo uleule kama ile ya kutunza alama za mitihani. Kwenye vivinjari kuna nafuu kidogo, kwa kuwa kiongezi hulazimika kuomba ruhusa. Lakini ombi lenyewe mara nyingi husema kwamba kitaweza kusoma na kubadili taarifa zako katika tovuti zote unazotembelea, nasi hubonyeza kukubali kabla sentensi haijaisha.

Hapa ndipo neno "huria" linapotupotosha. Programu huria, kwa maana aliyoipigania Richard Stallman tangu mwaka 1983, humpa mtumiaji uhuru wa kuitumia atakavyo, kuichunguza na kuibadili, kuisambaza, na kusambaza maboresho yake. Huu ni uhuru mkubwa, nami ni muumini wake. Nakumbuka mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hatukuomba kibali cha kampuni yoyote ili lugha yetu iingie kwenye kompyuta. Lakini uhuru wa kuchunguza haumaanishi kwamba uchunguzi umefanyika. Ni sawa na haki ya mwananchi kuhudhuria mkutano wa kijiji na kusomewa mapato na matumizi. Haki ipo, lakini kama hakuna anayehudhuria, hesabu zitasomwa kwa viti vitupu na kupitishwa. Na leseni zenyewe husema waziwazi kwamba programu inatolewa bila dhamana yoyote. Mwandishi hajakuahidi kitu. Wewe ndiye uliyejiahidi kwa niaba yake.

Mifano ya duniani ipo, na miwili inanitosha. Mwaka 2017, programu-jalizi ya WordPress iitwayo Display Widgets, iliyokuwa katika tovuti zipatazo 200,000, iliuzwa na aliyekuwa mmiliki wake. Mmiliki mpya alitoa sasisho lenye msimbo wa kuchapisha kurasa za matangazo ndani ya tovuti za watu. Ujanja wake ulikuwa huu: mwenye tovuti akiwa ameingia kwa nywila yake, kurasa zile hazionekani, wageni ndio walioziona. Iliondolewa kwenye orodha rasmi, ikarudi, ikaondolewa tena, zaidi ya mara moja. Watu waliokuwa wameichagua kwa uangalifu miaka ya nyuma hawakukosea siku ile walipoichagua. Kilichobadilika ni mwenyewe, na jina likabaki lilelile.

Mfano wa pili si wa programu-jalizi hasa, bali wa msaidizi wa nje. Mtu aliyejiita Jia Tan alitumia zaidi ya miaka miwili kuchangia kazi nzuri katika XZ, programu ndogo ya kubana mafaili inayotegemewa na mifumo mingi ya Linux. Mtunzaji wa programu hiyo alikuwa mtu mmoja aliyekuwa amechoka, akifanya kazi bila malipo. Msaidizi alipewa madaraka, kisha akaficha mlango wa nyuma. Mwezi Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta yake kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, naye hakukubali kuliacha jambo lile lipite. Watetezi wa programu huria husema tukio hili linathibitisha kwamba uwazi hufanya kazi, na ni kweli, kwa kuwa Freund aliweza kufungua na kutazama. Lakini linathibitisha pia kwamba uwazi ulihitaji mtu mmoja mwenye subira, na siku hiyo alipatikana kwa bahati.

Jibu linalotolewa haraka ni hili: basi awekwe mlinzi langoni. Liwepo duka au orodha rasmi, wakaguzi wapitishe zinazofaa na kukataa nyingine. Nakubaliana na jibu hili kwa sehemu. Lakini mtu wa Mamboya ana sababu za kihistoria za kumtazama mlinzi wa lango kwa jicho la pili.

Kabla ya reli, njia ya misafara kutoka pwani kwenda Mpwapwa na bara ilipita kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 wamisionari wa CMS walikuwa wamejenga kituo Mamboya, na Sultani wa Zanzibar naye akaweka askari wake huko. Kila aliyekuja alisema amekuja kulinda. Na katika njia hizo za misafara, mtawala wa mahali alitoza msafara ada ya kupita, nayo iliitwa hongo. Wakati ule neno hili lilikuwa na heshima yake: ulilipa hongo, ukapata maji, chakula na usalama katika himaya ya mtu. Leo tunalitumia kwa maana ya rushwa. Sidhani neno lilipotoka lenyewe. Lango lenye mlinzi mmoja, asiyeulizwa na yeyote, kwa kawaida huishia hapo.

Mwezi Oktoba 2024 walimwengu wa WordPress walionjeshwa jambo hili. Orodha rasmi ya programu-jalizi zake iko chini ya Matt Mullenweg, ambaye pia anaongoza kampuni ya Automattic. Alikuwa katika mgogoro na kampuni nyingine, WP Engine, inayomiliki programu-jalizi iitwayo Advanced Custom Fields, iliyokuwa ikitumika katika tovuti zaidi ya milioni 2. Tarehe 12 Oktoba ukurasa wa programu-jalizi hiyo katika orodha rasmi ulichukuliwa na kubadilishwa jina. Waliochukua walisema sababu ni usalama. Walionyang'anywa waliona ni kisasi. Tovuti nyingi zilizokuwa zimeruhusu masasisho ya moja kwa moja ziliamka na msimbo wa mwenyeji mpya bila wamiliki wake kuulizwa. Mwezi Desemba mahakama ya California iliamuru hali irejeshwe kama ilivyokuwa. Sina haja ya kuamua nani mwema kati yao. Somo langu ni kwamba lango lililojengwa kwa ajili ya usalama lilitumika katikati ya ugomvi wa kibiashara, na aliyelala njaa kati yao hakuwa tajiri yeyote. Alikuwa mtu mwenye tovuti ndogo asiyejua kilichotokea.

Mlinzi mwema naye anaweza kusinzia. Firefox tangu mwaka 2016 hukataa viongezi visivyo na sahihi ya Mozilla, na uamuzi huo umewakinga watu na mengi. Lakini Mei 2019 cheti kimoja cha kuthibitisha sahihi hizo kiliisha muda wake, na viongezi vya watumiaji duniani kote vikazimika kwa pamoja. Kivinjari cha Tor, kinachotegemewa na waandishi wa habari na wanaharakati katika nchi zenye mkono mzito, kilipoteza kwa muda kiongezi cha NoScript, ambacho ni sehemu ya ngao yake. Hapakuwa na adui aliyewashambulia. Tarehe ilipita tu.

Kwa hiyo tuko kati ya mambo mawili. Tukiamini kila kitu, tunatoa ufunguo wa ghala kwa mtu tusiyemjua. Tukikabidhi imani yetu yote kwa mlinzi mmoja, tumeuhamisha ufunguo tu.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wasidhani nazungumzia tovuti za vijana pekee. Takwimu za afya za nchi hii, zile zinazoanzia kwenye vitabu vya MTUHA katika zahanati na kuishia wizarani, huingizwa katika DHIS2, mfumo huria uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na wabia wake, wakiwemo wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jirani zetu wa Kenya wana sehemu yao katika historia ya OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kwa ajili ya kazi ya Eldoret. Mifumo yote miwili imesanifiwa ili mtu wa nje aweze kuiongezea vipande. Huo ndio uzuri wake: wilaya yenye hitaji la pekee haisubiri kibali cha Ulaya. Na hapo ndipo pa kuangalia, kwa sababu kipande kinachoongezwa kwa ajili ya kuchora grafu nzuri kinaweza kukaa jirani na taarifa za mgonjwa.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtwisha wajibu anayekusanya taarifa za watu, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Haimsamehe mtu kwa kusema kwamba aliyezisafirisha ni programu-jalizi. Kama ingekuwepo siku ile niliyoweka sahihi, mwenye kesi ningekuwa mimi na chuo changu, na ingekuwa haki.

Nini basi kifanyike? Kwanza, tujiulize kama tunaihitaji. Programu-jalizi nyingi huwekwa kwa sababu zipo. Pili, tujue mwenyewe ni nani na anaishi kwa nini. Mtu anayetunza kitu kwa miaka mingi bila malipo anastahili shukrani, hata mchango. Lakini siku akichoka atakiuza au atakiachia wa kwanza atakayeomba, na tunapaswa kuliona hilo mapema. Tatu, tuijaribu kwenye nakala ya mfumo isiyo na taarifa za watu halisi, tuone inazungumza na nani. Nne, awepo mtu mwenye jina, ndani ya taasisi, anayewajibika kuitazama, na si siku ya kwanza tu, bali kila sasisho linapokuja. Tano, ziandikwe: ipi, ya nani, iliwekwa lini, kwa ombi la nani, inagusa taarifa zipi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeuliza katika ofisi kadhaa kama daftari hilo lipo, na mara nyingi nimepewa kiti na chai.

Najua pingamizi. Kikundi cha vijana watano hakina mkaguzi, na wakifuata masharti haya yote hawatafanya kazi yoyote. Pingamizi hili ni zito, na ndiyo maana sidhani mzigo huu ni wa mtu mmoja mmoja. Kila mwaka vyuo vyetu huwa na wanafunzi wa kompyuta wanaohangaika kutafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, na wengi huishia kujenga mfumo wa kusimamia maktaba ambao hakuna maktaba itakayoutumia. Tuwape programu-jalizi zinazotumika katika halmashauri, hospitali, shule na asasi zetu wazikague, na matokeo yachapishwe wazi kwa Kiswahili, yakosolewe, yahuishwe. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina mamlaka yake kisheria tangu 2019, na miongozo yake ina kazi. Lakini nisingependa nayo iwe mlinzi pekee wa lango. Wakaguzi wawe wengi, wasitegemeane kwa mshahara, na kazi yao ionekane.

Turudi Mamboya. Sikumjibu mpwa wangu usiku ule. Asubuhi tulikaa na kompyuta yangu, tukatumia intaneti ya simu yake, tukapakua ile programu-jalizi bila kuichomeka popote. Huhitaji utaalamu mkubwa kutafuta anwani za tovuti ndani ya mafaili. Baada ya kama saa mbili tuliiona: kila fomu inayojazwa, nakala yake hupelekwa kwenye seva ya kampuni iliyoitengeneza, ili ichujwe kama ni taka. Hawakuficha. Ilikuwa imeandikwa katika masharti yao, kwa Kiingereza, aya ya katikati. Kwa muuza viatu ni huduma nzuri. Kwa mama wa kijijini anayeandika jina la jirani aliyesogeza mpaka wake, ni nakala ya siri yake iliyo mahali ambapo yeye, sisi na baraza la kata hatuwezi kufika.

Mpwa wangu alinyamaza muda mrefu. Mwishowe waliamua kuweka kwenye tovuti namba ya simu na siku za kupatikana tu, na malalamiko yaandikwe kwenye kaunta buku litakalofungiwa kabatini. Hakuufurahia uamuzi huo, wala mimi. Kuna watu watakaoshindwa nauli, na hao hawatasikika. Tulikubaliana kwamba akipata fomu inayohifadhi taarifa kwenye seva yao wenyewe, na mtu wa kuikagua, suala litafunguliwa upya.

Kisha aliniuliza: "Mjomba, ungesema ndiyo jana, mimi ningeiweka. Nisingeuliza tena. Sasa wewe nani anakukagua?"

Sikuwa na jibu la kumpa, nikampa kisa cha mahudhurio. Nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu wa nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule mwanafunzi aliambiwa ukweli. Nikasema hapana.

Niliporudi kazini nilimwandikia yule mwanafunzi baruapepe. Sasa ni mwalimu wa sekondari. Nilimweleza kilichotokea, nani aliomba, nani aliweka sahihi, na kwamba jibu nililompa siku ile halikuwa la kweli. Alinijibu baada ya siku tatu, sentensi mbili: "Ahsante kwa kuniambia, Dokta. Ile namba nilishaitupa, ila mama yangu bado huipiga akisahau."